Nilijenga ukuta wa mionzi, kisha nikamwogopa mke wangu

Fundi zege kutoka Rusumo, wilayani Ngara, anafungua moyo kuhusu ugonjwa wa mkewe, chumba kisicho na dirisha, na mkeka uliokaribia kuvunja ndoa ya miaka kumi na saba.

Najua kurasa hizi wanaoandika wengi ni kina dada. Leo naomba mnipishe kidogo, kwa sababu nina la kutubu, na nadhani kuna wanaume wengine wenye dhambi kama yangu ila wanaona aibu kusema.

Mwaka 2022 mke wangu alikuwa anatibiwa kansa ya shingo ya kizazi jijini Mwanza. Tulipanga chumba kimoja Igogo, kule kwenye mawe, chenye kitanda cha futi nne kwa sita, jiko la mkaa na ndoo mbili za maji. Usiku wa siku ile alipoanza mionzi nilitandika mkeka chini nikalala. Akaniuliza vipi. Nikamjibu, "Joto la huku limezidi, mama watoto. Sakafu ina ubaridi kidogo." Akanyamaza. Usiku wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hakuuliza tena.

Haikuwa joto, msomaji wangu. Nilikuwa namwogopa.

Na wala siyo kwamba nilikuwa sijui kitu. Tatizo langu ni kwamba nilijua nusu. Mimi mwenyewe nimewahi kushiriki kujenga chumba kama kile alichokuwa anaingia kila siku. Unene wa zile kuta naujua kwa mikono yangu. Nikajiuliza: kama kitu chenyewe kinahitaji ukuta wa mita mbili kukizuia, mimi na shuka hili nitapona?

Kazi yangu ni zege

Mimi ni mtoto wa Rusumo. Kwetu ukisimama darajani unausikia Mto Kagera unavyounguruma kwenye maporomoko, na ng'ambo ni Rwanda. Malori ya Dar es Salaam yanapita hapo usiku na mchana. Mke wangu anauza vitenge karibu na forodha. Tulioana mwaka 2005 na Mungu ametujalia watoto wanne.

Ufundi niliupata hapo hapo nyumbani. Lilipokuwa linajengwa daraja jipya kwa msaada wa Japani, lile ambalo Rais Magufuli na Rais Kagame walilizindua Aprili 2016, niliingia kama kibarua wa kubeba kokoto, nikatoka najua kusuka nondo na kumwaga zege. Baadaye nikapata kazi kwenye mradi wa umeme wa maporomoko yetu, zile megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo ukiniambia habari za zege, unaniambia habari za maisha yangu.

Katikati ya kazi hizo mbili ndipo nilipokutana na ile nyumba.

Nyumba isiyo na dirisha

Ilikuwa mwaka 2016. Mafundi niliofanya nao kazi darajani waliniita kwenye saiti moja katika mji mkubwa, mbali na Kagera. Hospitali na mkandarasi siwataji, hawakunituma niwasemee. Tuliambiwa ni jengo la hospitali, basi. Nilipoiona ramani nikajua hii siyo nyumba ya kawaida.

Ukuta wa nyumba zetu ni inchi sita, ukizidi sana inchi tisa. Pale injinia alikuwa amechora ukuta wa zaidi ya mita moja kuzunguka chumba chote, na sehemu nyingine ukafika mita mbili na ushee. Siyo tofali, zege tupu. Juu nako dari la zege nene vile vile. Dirisha hakuna hata moja. Na mlangoni huingii moja kwa moja: unapita kwenye ujia mwembamba, unakata kona, ndipo unakikuta chumba.

"Hii ni ya kuhifadhi dhahabu ya Geita au?" nikamuuliza fomani.

"Ya kuzuia mionzi," akanijibu. "Humu watatibu kansa."

Injinia alikuwa mtu wa kupenda kufundisha. Wakati wa chai alitueleza kwamba mionzi hiyo ni kama mwanga wenye nguvu kupita kiasi. Haionekani, haina harufu, na inapenya nyama, mbao na tofali kama hakuna kitu. Kinachoidhoofisha ni uzito. Ndiyo maana wanatumia zege: mita moja ya ujazo ina uzito unaokaribia tani mbili na nusu, na zege ni rahisi kuliko risasi ya madini. Mimi nikapiga hesabu zangu. Ukuta wa unene wa mita 2, upana wa mita 5 na kimo cha mita 4 ni mita 40 za ujazo. Zaidi ya tani 90, ukuta mmoja tu!

Ile kona ya mlangoni nayo ina maana yake. Mionzi husafiri kwa mstari ulionyooka. Ikigonga ukuta inatawanyika na kupungua nguvu, kwa hiyo mpaka ikate kona ifike mlangoni, iliyobaki ni kidogo sana na mlango unaimaliza. Hata mabomba ya kupitisha nyaya za umeme hayakupitishwa moja kwa moja. Tuliyalaza kwa mshazari ukutani, ili pasiwe na tundu lililonyooka kutoka ndani hadi nje.

Kazi yenyewe usiombe. Ukianza kumwaga ukuta ule hutakiwi kukatisha. Zege la leo likiungana na la kesho, pale kwenye maungio panaweza kubaki upenyo. Tulianza jioni, magari ya zege yakaja moja baada ya jingine, mashine ya kutetemesha zege haikuzimwa, na jua lilipochomoza bado tulikuwa juu ya jukwaa. Halafu zege nene linapokauka linachemka kwa ndani. Lisipotunzwa linapasuka. Kwa siku nyingi tulilifunika kwa magunia tukawa tunayamwagia maji, kama tunamkanda mgonjwa wa homa.

Wala siyo kwamba mtu anajiamulia tu kujenga. Ramani lazima ipite Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Mashine ikishafungwa, wataalamu wanapima mionzi nje ya kila ukuta, kila mlango, mpaka juu ya dari. Kiwango cha kimataifa ni kwamba mtu wa kawaida anayepita nje ya jengo asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka mzima. Ni kiasi kidogo, maana hata mionzi ya asili, ya ardhini na angani, kwa kawaida inampa kila mmoja wetu zaidi ya hapo kwa mwaka.

Sasa hayo ya vipimo mimi sikuyashika. Nililoshika ni neno la fomani usiku ule wa zege. Alituona tunachoka akapiga kelele: "Mkiacha tundu hapa kuna mtu atakufa, na hatutajua ni nani!"

Neno hilo nilirudi nalo Rusumo. Nikakaa nalo miaka sita.

Tulivyochelewa

Mwanzoni mwa 2021 mke wangu alianza kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa. Alinificha. Nilipogundua, badala ya kumhurumia nikamshuku. Ndiyo, nayasema yote leo. Nikaanza kuuliza uliza pale forodhani ni dereva gani anaongea naye sana. Tukanuniana karibu miezi miwili, yeye anavuja damu na mimi navuja wivu.

Alipokwenda kutibiwa, kituo kimoja, jina nalihifadhi, kilimpa vidonge vya uchafu ukeni. Akarudi, akapewa vingine. Miezi minane ilikwenda hivyo. Hakuna aliyempima ndani. Alikuja kuokolewa na kampeni ya uchunguzi iliyofika kijijini: nesi alipaka siki kwenye shingo ya kizazi, akaona pamebadilika rangi, akamwandikia barua siku hiyo hiyo. Wakakata kinyama, kikapelekwa maabara. Majibu yakarudi: kansa, hatua ya pili, imeshaanza kusogea pembeni. Upasuaji peke yake hautoshi. Inatakiwa mionzi, pamoja na dripu ya dawa mara moja kwa wiki.

Wahenga walishasema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tuliyaficha wawili.

Ishirini na tano

Daktari alipotueleza matibabu nilidhani nimesikia vibaya. Mionzi siyo sindano kwamba unachomwa ukarudi nyumbani. Ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, jumla mara 25. Ukimaliza hapo inafuata mionzi ya ndani. Kila mara mgonjwa analala chini ya mashine dakika chache tu, lakini kesho yake lazima awepo tena. Ukiruka ruka siku, kansa inapata nafasi ya kupumua.

Hapo ndipo utajua kwa nini jengo kama lile likijengwa mahali fulani linabadilisha maisha ya watu. Dawa ya vidonge unaweza kuifungasha ukaondoka nayo. Mionzi haifungashiki. Jengo halikufuati, wewe ndiye unalifuata, na familia yako yote inayumba.

Kwa miaka mingi nchi hii ilikuwa na sehemu moja tu ya serikali ya kupata mionzi: Ocean Road, Dar es Salaam, ile hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka 1996. Kutoka Rusumo mpaka pale ni zaidi ya kilomita 1,000. Mama wa Ngara akiambiwa nenda Dar wiki sita, aache watoto, aache shamba, apate nauli na pa kulala, wengi walikuwa wanakunja karatasi ya rufaa wanaiweka chini ya godoro. Nina shangazi yangu aliyefanya hivyo. Tulimzika na karatasi tukaikuta.

Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, ilianza kitengo cha saratani mwaka 2009, lakini mionzi ilikuja kuanza pale miaka ya 2010 ikielekea kwisha. Ndiyo maana mke wangu alipelekwa Mwanza na siyo Dar. Ni siku nzima ya basi: Lusahunga, Biharamulo, Geita, Sengerema, halafu foleni ya kivuko pale Busisi. Ni mbali, lakini ni umbali ambao mama mkwe aliweza kuja kutuona, na mimi niliweza kurudi mara moja kuangalia watoto.

Kuna kitu kilikuwa kinanichekesha na kuniuma. Ukivuka daraja letu, Kigali haifiki kilomita 200, na tangu 2019 wana mionzi kwenye hospitali yao ya jeshi pale Kanombe. Kwa jicho ni karibu kuliko Mwanza. Lakini rufaa yetu haivuki mpaka, na matibabu ya nchi ya watu unalipia mfukoni mwako. Wao wenyewe kabla ya hapo wagonjwa wao walikuwa wanasafirishwa nje ya nchi. Na Waganda yaliwakuta makubwa: mashine yao ya Mulago iliyofanya kazi tangu 1995 iliharibika mwaka 2016, nchi nzima ikabaki haina mionzi, na mpya ikaja kuzinduliwa mwanzoni mwa 2018. Mashine siyo friji kwamba unainunua unaichomeka popote. Bila chumba cha kuta nene haiwashwi.

Mkeka

Basi tukaanza. Asubuhi nampeleka, nakaa kwenye benchi, anaitwa, anaingia. Taa nyekundu inawaka juu ya mlango. Dakika chache inazimika, anatoka, anafunga kanga yake, tunarudi Igogo. Kwa nje mimi ni mume mzuri kabisa. Namshikia mfuko, namnunulia chungwa, majirani wananisifia.

Ndani ya chumba nilikuwa mtu mwingine. Nilitenga kikombe chake. Nilifua nguo zake peke yake. Akinisogelea najifanya nawasha jiko. Simu ikiita, watoto wakitaka kuongea na mama yao, namwekea simu kitandani halafu narudi nyuma. Na usiku, mkeka.

Wiki ya tatu, taa imeshazimwa, nikasikia anaongea taratibu kule juu kitandani.

"Baba watoto, unajua nikiingia mle ndani wanafanyaje? Wananilaza, wananipanga vizuri, halafu wote wanatoka. Mlango unafungwa. Nabaki peke yangu na ile mashine. Nawataja watoto wetu mmoja mmoja mpaka inyamaze. Nikimaliza wanarudi, yule nesi ananishika mkono ananiinua. Ndiyo mkono pekee unaonigusa siku nzima."

Sikujibu.

"Kama unasubiri nife, niambie tu nijue."

Msomaji, nimewahi kudondoka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, lakini sijawahi kudondoka kama usiku ule.

"Ukizima taa, mwanga unabaki ukutani?"

Asubuhi, mke wangu alipoingia, nilimfuata kijana mmoja mtaalamu wa mionzi. Nikamwambia ukweli wote: mimi ni fundi, nimejenga chumba kama hiki, naogopa. Nilitegemea anicheke. Hakunicheka. Alivuta kiti.

"Mzee, nyumbani ukizima taa, mwanga unabaki ukutani?"

"Haubaki."

"Basi na huu haubaki kwa mkeo. Unapita, unafanya kazi yake, unaisha. Akitoka mle hana mionzi hata chembe. Mkumbatie, lala naye kitanda kimoja, abebe mtoto, mle sahani moja. Kwanza yeye ndiye anaihitaji hiyo mikono yako."

"Sasa ukuta wote ule wa nini?"

"Ukuta siyo kwa ajili yake. Yeye anaingia mara 25, tena mionzi imelengwa pale penye ugonjwa tu. Ukuta ni kwa ajili yangu mimi ninayekaa hapa mwaka hadi mwaka, na yule mama wa usafi, na wewe uliyekaa kwenye benchi. Mliojenga mlitukinga sisi."

Akanieleza na mashine zenyewe. Kuna zinazotumia umeme: ukizima, mionzi haipo kabisa, kama taa. Na kuna za kobalti, ambazo ndani yake kuna kipande cha madini kinachotoa mionzi muda wote. Hicho kikimaliza kazi kinarudi kwenye ganda lake zito, na kila baada ya miaka mitano na miezi kadhaa nguvu yake inabaki nusu, kwa hiyo mgonjwa analala muda mrefu zaidi mpaka kibadilishwe. Hata mionzi ya ndani ambayo mke wangu angefanyiwa baadaye, chanzo kinaingizwa na kutolewa hapo hapo. Hakuna kinachobaki mwilini akaenda nacho nyumbani.

Miaka sita nilikuwa nalibeba neno la fomani bila kuuliza swali moja. Alisema tundu kwenye ukuta ni hatari. Hakusema mgonjwa ni hatari. Hilo nilijiongezea mwenyewe.

Jioni ile nilikunja mkeka nikausimamisha nyuma ya mlango. Sikuwa na maneno. Mke wangu akanitazama, akasogea upande wa ukutani, akanipisha. Alikuwa amekonda mpaka nilihisi mifupa ya bega. Hatukulala mapema. Tulilia kwanza.

Ndoa baada ya mashine

Mionzi ikaisha, tukarudi Rusumo. Nilidhani yameisha, kumbe kuna darasa lingine. Nalieleza wazi kwa sababu ndilo ambalo watu hawaambiwi.

Mionzi ya sehemu ile inamaliza kazi ya mayai ya mwanamke. Hedhi inakatika hata kama bado ni kijana, joto linampanda ghafla, usingizi unapotea. Njia inakuwa kavu na inaweza kusinyaa. Daktari alimweleza mke wangu mapema kwamba kuna vifaa maalumu vya kupanua njia pole pole, na vilainishi vya maji, na kwamba tusikimbilie tendo mpaka aambiwe amepona ndani. Sisi tulikaa miezi mitano. Wanaume wenzangu wakiniuliza kijiweni, "Unawezaje?" nilikuwa nawajibu, "Kwani wewe ulioa kiungo?"

Ile ya kwanza ilimuuma, tukaacha. Tukarudi kwenye kukumbatiana, kuongea, kukandana mgongo. Kwa kweli nilimjua mke wangu upya. Taratibu mambo yakarudi, siyo kama zamani, ila yetu.

Na lile swali la nani kamletea nani? Kansa hii kwa sehemu kubwa sana inaletwa na kirusi cha papiloma, ambacho kinapita kwenye kujamiiana. Nilipoambiwa hivyo nilijua kidole kinaweza kunigeukia mimi niliyekuwa nachunguza madereva. Dokta akatuambia kirusi hicho watu wengi sana hukipata maishani, kinaweza kulala miaka bila dalili, hata kabla hamjajuana. "Msitafute mchawi," akasema, "tafuteni chanjo ya binti yenu." Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Binti yetu mdogo alichanjwa shuleni mwaka huo wa 2024. Mama yake alikwenda kusimama nje ya darasa mpaka amtoe.

Juu ya maji

Siku hizi tunakwenda Mwanza kwa kliniki tu. Tangu Juni 2025 hatupangi tena foleni ya kivuko. Pale Busisi kuna daraja la kilomita 3, unavuka kwa dakika chache juu ya ziwa. Safari ya kwanza kupita hapo nilikuwa naangalia nguzo na zege, si unajua fundi tena. Mke wangu akanipiga kiwiko: "Angalia na mimi." Nikamshika mkono mpaka Kigongo.

Huwa nafikiria shangazi na karatasi yake chini ya godoro. Hakufa kwa kukosa dawa. Alikufa kwa sababu jengo lilikuwa mbali. Kila mara nikisikia mahali fulani wanamwaga zege la chumba cha mionzi, huwa nasema moyoni, hapo kuna mama ataacha kukunja karatasi. Natamani siku moja niitwe kumwaga moja karibu zaidi na kwetu. Nitapiga kelele kwa vijana kama fomani wangu, wasiache tundu. Halafu asubuhi, wakati wa chai, nitawamalizia ile nusu ambayo mimi sikuambiwa.

KABLA HUJAFUNUA UKURASA

• Damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu usioisha kwa dawa siyo vya kuonea aibu. Omba upimwe shingo ya kizazi, usikubali vidonge kila mara bila kuangaliwa.

• Kipimo cha siki ni cha dakika chache na majibu unapata hapo hapo. Usisubiri dalili ndipo uende.

• Mgonjwa anayepigwa mionzi kwa mashine kutoka nje hatoi mionzi. Mguse, mkumbatie, mle pamoja.

• Mwenzako akiandikiwa mionzi, uliza mapema: ni siku ngapi, tutalala wapi, nani atabaki na watoto. Kupanga mapema ndiko kunamfanya asikatishe matibabu.

• Muulizeni daktari kuhusu unyumba kabla ya kuruhusiwa, mkiwa wote wawili. Siyo swali la aibu, ni sehemu ya kupona.

• Na wewe mwanaume: ukiona unaanza kutandika mkeka, usijidanganye kwamba ni joto. Nenda kaulize.